Unyasi na ganda la konokono vilivyowafungulia viziwi masikio

PROFESA Graeme Clark wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, alikuwa likizoni ufuoni mwaka 1977 alipookota ganda la konokono wa baharini na kuanza kulitia unyasi. Huenda waliomwona walidhani anacheza.

Kumbe alikuwa akitafuta jibu la swali lililomsumbua kwa muda mrefu: nyaya zitaingizwa vipi katika sikio la ndani, ambalo limejiviringa mfano wa konokono, bila kulijeruhi? Unyasi wenye ncha laini na shina gumu ulipenya hadi ndani. Nyaya zake zikaundwa hivyo, na mnamo Agosti 1978 mgonjwa wa kwanza akapandikizwa kifaa hicho mjini Melbourne.

Clark hakuwa mgeni wa tatizo hili. Babake, aliyekuwa mwuza dawa, hakusikia vyema, na mwanawe aliishuhudia taabu aliyoipata akihudumia wateja.

Wengi hudhani kifaa hiki ni sawa na vile vya kukuza sauti. La hasha. Ndani ya sikio mna chembe zenye vinyweleo ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa ubongo. Chembe hizo zikifa hazioti tena, na kukuza sauti hakufui dafu. Kifaa huziruka: kinasa sauti kilicho nje hupeleka sauti kwa kompyuta ndogo, nayo huituma kupitia ngozi hadi kwenye nyaya zinazosisimua neva kwa umeme.

Chuo pekee kisingefika mbali. Kampuni ya Nucleus ya Sydney ilikiunda kwa ajili ya soko, na mwaka 1985 Marekani ikakiidhinisha kwa watu wazima, kisha kwa watoto mwaka 1990. Mwaka 1991, Mmarekani Blake Wilson alieleza mbinu ya kuzifanya nyaya zifanye kazi kwa zamu ili zisivurugane. Maneno yakasikika wazi zaidi.

Hata hivyo, muziki na makelele ya umati bado ni mtihani. Kifaa cha Melbourne kina vituo 22 vya umeme, ilhali sikio zima lina maelfu ya chembe, na umeme husambaa ovyo katika majimaji ya sikio. Ndiyo sababu watafiti wa Göttingen, Ujerumani, wanajaribu kutumia mwanga, ambao huweza kuelekezwa mahali padogo zaidi. Majaribio yao ya mwaka 2018 yalifanyiwa panya wa jangwani.