Ridhaa ya Mwenye Damu

Msafiri atokaye Nairobi, akishaipita Nyamasaria, huwa amekwisha kuwasili Kisumu, mji ambao wakazi wake wameombwa damu na watafiti kwa miaka mingi. Na mwanafunzi afundishwaye adabu za utafiti hapa, ijapokuwa hana budi kuisoma aibu ya Tuskegee, kule Marekani, ambako wanaume weusi wenye kaswende walinyimwa tiba hadi mwaka 1972, anao mfano wa kheri ulio karibu zaidi.

Mwaka 2002 walianza kuandikishwa vijana 2,784, wenye umri wa miaka 18 hadi 24, wengi wao Waluo, ambao jadi yao haina tohara, ili ijulikane kama kutahiriwa hupunguza maambukizo ya virusi vya UKIMWI. Nusu wakatahiriwa, nusu wakangojeshwa. Desemba 2006, wasimamizi huru walipoona kwamba faida imedhihirika, jaribio likakatishwa kabla ya wakati, na waliongojeshwa wakapewa tohara waitakao, kwani kuwazuilia kinga iliyothibiti, ili hesabu tu zitimie, kungekuwa dhulma iliyovishwa joho la ilmu.

Lililo gumu zaidi kufundisha, kwa maoni yangu, ni ridhaa. Mama muuza omena wa Nyamasaria, aulizwapo na mtu wa koti jeupe ambaye nauli ya kumrudishia i mkononi, huenda akakubali kwa heshima tu. Basi na aelezwe, kwa Dholuo au Kiswahili, tena zaidi ya mara moja, kwamba aweza kukataa, au kujitoa katikati, wala asinyimwe matibabu zahanatini.