Michezo ya Klabu Katika Vyuo vya Marekani: Faida na Hatari Zake

Katika vyuo vya Marekani, klabu za michezo ni tofauti na timu kuu za chuo. Wanafunzi wenyewe huchagua viongozi, hulipa ada, hupanga safari na kutunza hesabu. Hapo ndipo tunapoiona faida: kijana asiye na kipaji kikubwa naye hucheza, na hujifunza uongozi (hata kamati zetu zingenufaika).

Hatari iko kwenye usimamizi. Mara nyingi mazoezini hakuna mtaalamu wa tiba. Mchezaji wa raga akigongwa kichwani, huenda anayeamua ni nahodha, mwanafunzi mwenzake anayetaka ushindi. Mtikisiko wa ubongo hauonekani kwa macho, na akigongwa tena kabla hajapona anaweza hata kufa. Anayeshukiwa kuupata atolewe uwanjani siku hiyohiyo, hata akisema ni mzima, asirudi mpaka daktari amruhusu.