USIINGIE PEKE YAKO KATIKA MAJI YA KARIERI

Ndugu mfanyakazi, wewe unajua karieri kuliko watu wengi. Unajua kwamba pompe zikisimama, maji ya mvua na ya chini ya udongo yanapanda. Karieri ikiachwa, inageuka ziwa. Maji yake yametulia, tena mara nyingi ni safi. Mtoto anayaona na kufikiri kwamba ni mahali pazuri pa kuogelea. Leo tunakuelezea namna wazamiaji, watu wenye kujua maji ya namna hiyo, wanavyojilinda. Kisha utapima wewe mwenyewe.

Karieri ya Stoney Cove

Katika Uingereza kuna karieri ya mawe inayoitwa Stoney Cove. Kazi ilikoma pale katika mwaka wa 1958, na maji yakaijaza. Pahali penye kina kirefu panafika karibu metre 35. Wafanyakazi wa kuzama chini ya maji kwa kazi ya petroli walifundishwa humo. Leo ni mahali pa mchezo wa kuzama, kwa watu wenye chupa ya hewa mgongoni.

Sheria ya kwanza ya mchezo huo ni hii: mzame wawili. Mwenzako ndiye chupa yako ya pili, macho yako ya pili na kisu chako cha pili. Mahali pengi wanakataza kabisa kuzama peke yako. Penye kukubali, masharti ni makali.

Sheria za mwenye kuzama peke yake

1. Awe na mazoezi. Vyama vya kufundisha wazamiaji kama PADI na SDI vinataka mtu awe amekwisha kuzama mara 100 mbele ya kuanza masomo ya kuzama peke yake.

2. Awe na hewa mara mbili. Anabeba chupa ya pili, yenye mpira wake wa kupumulia. Ya kwanza ikikataa, hakuna mtu wa kumpa hewa.

3. Apime hewa yake. Kila metre 10 za maji zinaongeza mkandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwenye metre 30 mkandamizo ni mara nne. Chupa ambayo ingetosha saa moja juu ya maji, kule chini inamalizika kwa dakika 15. Mwenye akili anageuka wakati hewa ingali nyingi.

4. Apande polepole, bila kuzuia pumzi. Hewa iliyo mapafuni inapanuka wakati wa kupanda, na inaweza kupasua mapafu.

5. Abebe kisu na maski ya akiba. Ndani ya karieri kunabaki nyaya, vyuma na miti. Matope yakitibuka, hauoni hata mkono wako.

6. Asiingie katika tundu ao chini ya mwamba. Juu yake kuwe maji matupu mpaka kwenye hewa.

7. Aache habari. Mtu mmoja kando ya maji ajue ameingia wapi na atatoka saa ngapi, na ajue nani wa kuita saa ikipita.

Soma tena orodha hiyo. Kila sheria inashika nafasi ya kitu ambacho mwenzi angefanya. Lakini hakuna chombo kinachoshika nafasi ya mkono wake siku unapozimia. Ndiyo maana hata mwenye chupa mbili bado yuko katika hatari.

Na kwetu?

Sasa fikiri juu ya mtoto anayeruka ndani ya karieri ya zamani. Hana chupa, hana mazoezi, na hakuna mtu anayejua yuko wapi. Ukingo umesimama kama ukuta: hatua moja, na miguu haigusi chini. Juu maji ni ya moto, lakini chini kidogo yanakuwa baridi ghafula, na mwili unakosa nguvu. Akitaka kutoka, hakuna pa kushika. Udongo unabomoka mkononi.

Tena, kama mtu anakuambia ana vyombo vya kuzama, kumbuka kwamba miji yetu iko juu sana. Lubumbashi iko karibu metre 1.200 juu ya bahari, na Kolwezi inapita metre 1.400. Hesabu za kawaida za wazamiaji, za kujua muda gani mtu abaki chini, zilifanywa kwa bahari. Huku kwetu lazima zibadilishwe, la sivyo mtu anaweza kupanda na ugonjwa katika viungo na mishipa.

Mama, baba, semeni na watoto leo. Waonyesheni mahali palipokatazwa na mwaeleze sababu.

Ukiona mtu anazama, usijitupe nyuma yake. Piga kelele, mtupie kamba, ao bidoni tupu yenye kifuniko, ao mnyooshee mti mrefu huku umelala chini. Akitolewa akiwa hapumui, usimkamue tumbo wala kumning'iniza kichwa chini. Mpulizie hewa mdomoni mara moja, na mwingine akimbie kuita wauguzi.

Kazini haushuki peke yako bila mtu kujua. Shika sheria hiyohiyo nyumbani.