Maji Matamu Juu ya Maji ya Chumvi



Tukisikia neno "jangwa" wengi wetu twafikiria mchanga mtupu na ngamia. Lakini hata kisiwa kinaweza kuwa na shida kama za jangwa. Hapa visiwani Lamu hatuna mto wa maji matamu. Mvua kubwa ni ile ya masika, Aprili hadi Juni. Kuanzia Januari hadi Machi kaskazi yavuma na ardhi yakauka kabisa. Bahari iko kila upande, lakini hainyweki.

Leo tutaangalia jinsi miti na watu wanavyoishi mahali kama hapa, na jambo moja ambalo kila kikundi kinachotaka kuchimba kisima yafaa kilijue.

Miti inafanyaje?

Tuanze na mbuyu. Shina lake nene huweka maji. Kiangazi kikija huangusha majani, maana maji mengi ya mti hupotea kupitia majani. Yaani mbuyu unaweka akiba, na unapunguza matumizi.

Mikoko ina shida nyingine. Imesimama ndani ya maji, lakini maji yenyewe ni chumvi. Mkoko wenye mizizi mirefu kama miguu huzuia sehemu kubwa ya chumvi pale pale mizizini. Mchu nao huacha chumvi iingie, kisha huitoa kupitia majani. Lamba jani la mchu wakati wa jua, utaionja.

Basi miti inatufunza mambo matatu: kuweka akiba, kupunguza matumizi, na kuizuia chumvi.

Akiba: jabia

Wazee wetu walifanya vivyo hivyo. Ndau, Kiwayu na Kizingitini watu hutegemea jabia. Ni sakafu pana iliyoinama kidogo, ili mvua iteremke mpaka kwenye shimo lililojengwa chini. Si sisi peke yetu. Huko Petra, katika nchi ya Yordani, watu wa jangwani walichonga matangi ndani ya miamba zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, wakakusanya mvua yao chache.

Hesabu yake ni rahisi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Sakafu ya mita 10 kwa mita 10 ni mita za mraba 100. Ikinyesha mvua ya milimita 20, mtapata karibu lita 2,000, yaani madebe 100, kwa mvua moja tu! Lakini sakafu ikiwa na nyufa, maji hayo yapotea. Na ikiwa chafu, mtakunywa uchafu. Ifagiwe na kuzibwa nyufa kabla ya masika, mbuzi wasipite juu yake, na shimo lifunikwe vizuri. Katika nyumba za zamani za mji wa Lamu, watu waliweka visamaki katika birika ili wale viluwiluwi vya mbu. Hiyo ni akili ya bei nafuu.

Chumvi: kwa nini kisima huharibika?

Hapa tuwe makini. Mvua ikinyesha juu ya vilima vya mchanga, kama vile vya Shela, huzama upesi kabla jua halijaichukua. Chini huko inakuta maji ya bahari yaliyopenya kutoka pwani. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa gramu 1,025 hivi, na lita ya maji ya mvua ni gramu 1,000. Kwa hiyo maji matamu huelea juu ya yale ya chumvi. Hukaa kama kitumbua: yamevimba kidogo juu na sana chini.

Wataalamu husema hivi: kwa kila futi 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama futi 40 chini yake. Sasa geuza hesabu hiyo. Mkivuta maji mengi hata yakashuka futi 1, chumvi yaweza kupanda kama futi 40 kutoka chini. Ndiyo maana kisima kilichokuwa kitamu miaka mingi chaweza kuharibika baada ya kufungwa pampu kubwa. Na kikishaharibika, kupona kwake ni kwa mvua nyingi na subira ndefu.

Kisiwa cha Manda ni funzo. Mji wa Takwa ulihamwa katika karne ya 17, na moja ya sababu zinazotajwa ni maji ya visima kuwa chumvi.

Kwa hiyo, kikundi kikichimba kisima:

1. Mkipata maji matamu, msiendelee kuchimba chini sana.
2. Visima vingi vifupi vya kuchota kidogo kidogo ni bora kuliko kimoja chenye pampu kubwa.
3. Onjeni maji kila wiki. Yakianza chumvi, kipumzisheni kisima mara moja.
4. Choo kiwe mbali, mita 30 au zaidi.
5. Lindeni vilima vya mchanga. Maji ya mji wa Lamu yatoka chini ya vilima vya Shela. Anayeuza mchanga huo au kujenga juu yake, ameuza kisima cha wote.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

Kijijini kwetu, ni visima vingapi vilikuwa vitamu zamani na sasa ni chumvi? Nini kilibadilika? Nani ana zamu ya kusafisha jabia kabla ya masika? Na mtu akija kutaka kununua mchanga wetu, tutamjibu nini?