Funika Sosi ya Pudini

Katika riwaya ya *Anne of Green Gables* ya Lucy Maud Montgomery wa Kanada, iliyochapwa mwaka 1908, binti Anne aliambiwa aweke sosi ya pudini na kuifunika. Mawazo yakamchukua, akasahau. Asubuhi akakuta panya amekufa ndani. Akamtupa, lakini hakumwambia mlezi wake, na sosi ile ikaletwa mezani mbele ya wageni! Ilibidi apige ukelele.

Pudini ya namna hiyo huwa ya zabibu. Kwa desturi huchemshwa, lakini nyumbani twaweza kuioka. Loweka kikombe 1 cha zabibu na kikombe 1 cha tende zilizokatwa katika nusu kikombe cha maji ya machungwa kwa saa 1. Piga siagi gramu 200 na sukari nusu kikombe, tia mayai 3, unga wa ngano vikombe 2, beking pauda vijiko vidogo 2 na mdalasini. Changanya na matunda, oka kwa nyuzi 170 kama saa 1, mpaka kijiti kitoke kikavu.

Hatari imo katika sosi ya maziwa. Isikae nje zaidi ya saa 2. Mkojo na kinyesi cha panya hubeba vijidudu vya maradhi, hivyo akiingia panya, mwaga yote. Kuchemsha upya si dawa.

Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kufunika vyombo usiku. Na aliyesahau aseme mapema: aibu yake ni ndogo kuliko maradhi ya wageni.