Mtoto wa Ubundu jukwaani

Sogeeni karibu, wanangu. Nyinyi wa Makiso na Mangobo, hapa Kisangani, mnayajua maporomoko ya Wagenia kwenye mto Kongo. Hayo ni ya mwisho kati ya saba. Mengine yamepangana kuelekea juu hadi karibu na Ubundu. Meli haziwezi kupita hapo katikati, ndiyo maana ikajengwa reli ya kilomita 125 hivi kwenye ukingo wa kushoto wa mto.

Zamani za Wabelgiji, Ubundu uliitwa Ponthierville. Mwaka 1951 Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, waigizaji wakubwa wa Marekani, walifika pande hizo kuigiza The African Queen kwenye mto Ruiki. Mwaka 1958 Audrey Hepburn naye akaja hapa mjini kuigiza The Nun's Story. Filamu nzuri zote mbili, ila mtu wa hapa anapoonekana ndani yake huwa yuko pembeni, na hadithi yenyewe ni ya wageni.

Basi huko Ubundu, mwaka 1974, akazaliwa msanii ambaye angeiweka hadithi yetu wenyewe katikati ya jukwaa: Faustin Linyekula, mcheza ngoma. Utotoni aliishi pia Obilo, kijiji kilicho kando ya reli ile, ambako usiku alizisikia ngoma za wakubwa. Akasoma hapa Kisangani, akapenda fasihi na michezo ya kuigiza. Mwaka 1993, nchi ikiyumba chini ya Rais Mobutu, alikwenda Nairobi. Huko alijifunza kusema kwa mwili mzima, bega, goti na unyayo, na mwaka 1997 yeye, Opiyo Okach na Afrah Tenambergen wakaanzisha kundi la ngoma za kisasa, Gàara.

Mwaka 2001 alirudi Kongo akafungua Studios Kabako, kituo chake cha sanaa, mjini Kinshasa. Kabako alikuwa rafiki yake wa ujana, mpenda kuandika, aliyefariki mapema. Sasa kila bango la onyesho hulitaja jina lake, na mimi sijui kumbukumbu iliyo bora kuliko hiyo.

Halafu, mwaka 2006, akafanya jambo ambalo wengi hawakulielewa: akahamishia kazi yake hapa Kisangani. Kumbukeni hali ya mji wakati huo. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana humu siku sita, mamia ya raia wakafa, nyumba zikabomoka. Msanii aliyekwisha kujulikana Ulaya angeweza kukaa Paris akala raha zake. Yeye aliona vijana wa hapa nao wanastahili mahali pa kujifunzia kucheza, kuigiza, kupiga muziki na kutengeneza filamu. Mwaka 2007 akapewa tuzo kuu ya Prince Claus ya Uholanzi.

Mwaka 2009 aliitwa na Comédie-Française, jumba la maigizo la Paris lililoanza mwaka 1680, aongoze Bérénice ya Racine. Ni hadithi ya malkia anayependwa na kaisari wa Roma, lakini Roma haimtaki kwa sababu ni mgeni. Fikirini: Mkongomani anawaongoza waigizaji wa Kifaransa katika mchezo wa Kifaransa juu ya mgeni anayekataliwa! Mwaka 2010 akaurudia kwa namna yake katika tamasha la Avignon, safari hii na waigizaji wa Kongo.

Lakini kazi yake ninayoipenda kuliko zote ni Banataba, ya mwaka 2017. Jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, lilimwalika. Akaingia ghala lao, na kati ya vitu vilivyohifadhiwa humo akakuta sanamu ya Walengola, watu wa mama yake, ambayo haikuwahi kuwekwa mbele ya wageni. Hakutosheka kuitazama tu. Alirudi huku, akaenda pamoja na mama yake na ndugu hadi Banataba, kijiji cha ukoo wa mama, kuuliza habari za wazee. Akaagiza sanamu mpya ichongwe, kisha akacheza nayo palepale makumbusho, mwili wake ukieleza yale ambayo kibandiko cha ghala hakikuandika: nani alichonga, nani alisahauliwa.

Studios Kabako hawangoji watu wawafuate. Huzipeleka kazi zao mitaani, hata Lubunga, ng'ambo ya mto. Mkisikia wanacheza huko, pandeni mtumbwi mkawaone.