Mashine ya poka: kamari inayobandika hesabu yake usoni

Je, wajua kwamba mashine mbili za poka zinaweza kusimama bega kwa bega, zenye kioo kilekile na karata zilezile, na bado moja ikamrudishia mchezaji stadi dola 99.54 katika kila 100 alizocheza, na nyingine 95 tu? Hakuna kilichofichwa. Tofauti imeandikwa kwenye jedwali la malipo, juu ya karata zenyewe. Wengi hawaioni kwa sababu macho yao yameshakimbilia mstari wa juu kabisa, ule wa zawadi nono.

Ukoo wa mashine hii ni wa zamani kuliko umeme wake. Mwaka 1891, huko Brooklyn, New York, kampuni ya Sittman na Pitt ilitengeneza sanduku lenye mapipa matano yaliyobeba karata 50. Mbili zilizoachwa nje kwa kawaida zilikuwa kumi ya shupaza na ghulamu wa kopa. Hila hiyo ilikuwa ndogo lakini kali: mkono wa kifalme, yaani kumi, ghulamu, bibi, mfalme na ree za alama moja, hupatikana kwa njia nne katika pakiti nzima, ila kwa kuondoa karata hizo mbili zilibaki njia mbili. Sanduku lenyewe halikulipa fedha. Mshindi alipewa bia au sigara na mwenye baa. Mashine ya kioo ilikuja karibu karne moja baadaye, pale Mmarekani William "Si" Redd, kupitia kampuni yake SIRCOMA, alipoiingiza sokoni mwaka 1979. Mwaka 1981 kampuni hiyo ikawa IGT, jina linaloonekana hadi leo kwenye mashine za kasino duniani.

Kinachoitofautisha poka na mashine za matunda na kengele ni kwamba hesabu yake inaweza kufanywa na mtu aliye nje. Pakiti ina karata 52, na mikono ya karata tano inayoweza kutoka ni 2,598,960, haizidi wala haipungui. Mchezaji hupewa tano, anashika anazotaka, nyingine zinabadilishwa mara moja tu. Akijua pakiti na akijua malipo, anajua kila kitu. Mashine ya matunda haimpi nafasi hiyo, kwa kuwa ni mtengenezaji tu anayejua kila tunda limewekewa uzito gani ndani ya programu.

Katika toleo la msingi, linalolipa kuanzia jozi ya maghulamu, mistari ya kutazama ni miwili: ful, yaani karata tatu za namna moja pamoja na jozi, na rangi moja, yaani karata tano za alama moja. Mashine nzuri hulipa 9 na 6 kwa kila sarafu, na hiyo ndiyo yenye asilimia 99.54. Ukikuta 8 na 5, umeshuka hadi 97.30. Ukikuta 7 na 5 ni 96.15, na 6 na 5 ni 95. Kila mmoja wa mikono hiyo hutokea takriban mara moja katika michezo 90, kwa hiyo kila sarafu inayopunguzwa kwenye mstari wake hula kama asilimia 1.1 ya fedha zote unazocheza. Mwenye kasino hahitaji kuigusa programu. Anabadilisha namba moja, watu wanaendelea kukaa.

Asilimia hizo ni za anayecheza bila kukosea, na hapo ndipo moyo huanza kubishana na hesabu. Tuseme umepewa ree, mfalme, bibi, ghulamu na tatu, zote za kopa. Tayari una rangi moja, malipo 6. Ukiitupa ile tatu, zimebaki karata 47 usizoziona, na mojawapo ni kumi ya kopa inayolipa 800. Gawanya 800 kwa 47, unapata 17. Sita mkononi dhidi ya wastani wa 17: itupwe. Watu wengi hawaitupi. Na hiyo 800 hulipwa kwa anayeweka sarafu tano tu. Anayeweka moja hadi nne hupata 250 kwa kila sarafu, jambo ambalo mashine hulisema kwa maandishi madogo yasiyosomwa na mtu. Kanuni nyingine hazina mbwembwe: jozi ya wafalme ni bora kuliko karata nne za alama moja, lakini karata nne za alama moja ni bora kuliko jozi ya sita.

Huko Kolwezi, mji wa madini nchini Kongo (DRC), mtu hahitaji kufundishwa kusoma jedwali la namna hii. Pale Musompo, soko la madini nje ya mji, na kwenye depo nyingi za kununulia madini mkoani Lualaba, vibao vya bei hupanga asilimia ya kobalti upande mmoja na bei ya kilo upande mwingine. Mchimbaji anajua kwamba depo mbili jirani zinaweza kutofautiana mstari mmoja tu, na mstari huo ndio chakula cha nyumbani. Shida yake iko kwa kifaa kinachosoma hiyo asilimia, ambacho wenyewe wanakiita Metorex, jina la kampuni ya Kifini. Kifaa hiki hupiga madini kwa eksirei, na kila elementi hujibu kwa nishati yake. Kobalti hujibu kwa kiloelektronivolti 6.93 hivi. Bahati mbaya, mstari wa pili wa chuma uko 7.06, karibu mno, na udongo wa huko una chuma kingi. Kifaa kisichopimwa vizuri huchanganya majibu hayo, na madini yakiwa mabichi usomaji hushuka. Mashirika ya Amnesty International na Afrewatch yaliandika Januari 2016 kwamba wachimbaji hawakuwa na njia yoyote ya kuhakiki uzito wala asilimia waliyotajiwa. Kibao kinasomeka, ila kinachokipa kibao maana kiko mkononi mwa mnunuzi.

Poka nayo iko hivyohivyo. Jedwali la 9 na 6 lina thamani ya 99.54 iwapo tu ndani ya kioo kuna karata 52 zenye nafasi sawa ya kutoka. Kwenye jimbo la Nevada, Marekani, kanuni zinalazimisha hivyo: mashine inayoonyesha karata lazima iwe na uwezekano uleule wa karata za mkononi, na hakuna mashine ya kamari inayoruhusiwa kurudisha chini ya asilimia 75. Pasipo mkaguzi wa namna hiyo, picha ya ree ni picha tu, na mbinu zote nilizozitaja hapo juu hazina kazi. Vile visanduku vya sarafu vilivyotengenezwa China na kusambaa madukani Afrika, ambavyo Tanzania huitwa dubwi, havina hata jedwali la kubishana nalo. Kenya ilivikamata kwa mamia mwaka 2018 na kuvichoma moto. Kwa hiyo mtu akikalia mashine ya poka popote katika ukanda wa shaba, aulize kwanza nani ameifungua na kuikagua. Ful inalipa ngapi, hilo ni swali la pili.

Kisha kuna mwendo. Mchezaji mwepesi humaliza mikono 600 kwa saa. Akiweka sarafu tano za senti 25 kila mara, amezungusha dola 750 ndani ya saa moja. Mashine ya 9 na 6 itamla wastani wa dola 3.45, na ile ya 6 na 5 dola 37.50. Zaidi ya hapo, karibu asilimia 2 ya yale marejesho mazuri imefungiwa ndani ya mkono wa kifalme, unaokuja takriban mara moja katika michezo 40,000, yaani saa 67 za kukaa. Kabla haujaja, mashine bora inaishi kama ya asilimia 97 na nusu.

Zipo zinazozidi 100. Toleo ambalo karata zote nne za namba mbili husimama badala ya karata yoyote, likiwa na malipo kamili, hurudisha 100.76. Kwa mwendo uleule wa dola 750, hiyo ni faida ya dola 5.70 kwa saa, bila kosa hata moja. Zimebaki chache, na wanaozisaka hutazama mstari wa karata nne za namna moja: lazima ulipe 5. Mistari mingine ikibaki ilivyo na huo ukisoma 4, marejesho yameanguka hadi 94 hivi.